Kabati Lisilolazwa

Mhandisi alirudia maelezo yake polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto mzito wa kuelewa. Jana asubuhi walikuwa wanahama. Lori lilikuja mapema likabeba vitu vikubwa, vitanda, makochi, friji na kabati la nguo, likaondoka navyo kwenda nyumba mpya. Vyombo vya kuvunjika vilibaki ili vipakiwe kwa utulivu na kwenda na safari ya pili. Mke wake alikuwa hapa hapa sebuleni akivipakia pamoja na mama mkwe wake. Yeye mwenyewe alikuwa barazani kwenye kiti, ufunguo wa geti mfukoni. Baada ya lori kuondoka hakumwona mkewe kwa macho, lakini alimsikia. Ile selotepu pana ya kahawia hulia inapovutwa, na asubuhi nzima ilikuwa ikilia. Wakati wa chakula cha mchana sauti ikakoma. Akaingia ndani, akamkuta mama yake amesinzia kitini na mlango wa nyuma uko wazi. Mke hayupo.

"Kwa hiyo ameondoka mchana," alimaliza. "Na hakuondoka mwenyewe. Kuna mtu alimpandisha ukuta."

Inspekta hakujibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo yake mwenyewe maisha yote, na alikuwa na tabia ya kunyamaza hadi mwenzake aone haya. Mhandisi hakuona haya. Alisimama pale na shati lake lililonyooshwa vizuri, mikono nyuma, akisubiri. Hakuwa amepandisha sauti hata mara moja tangu wafike. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na aliyemzoeza kusikilizwa huko ni pamoja na mkuu wa kituo, aliyesoma naye darasa moja. Mkuu ndiye aliyetoa amri kwamba mke wa rafiki yake atafutwe na arudishwe nyumbani kwake. Koplo alikuwa ameshinda stendi ya mabasi na picha ya yule mwanamke, akiwauliza makondakta wa mabasi yote yaliyoondoka tangu jana mchana, na hakuna hata mmoja aliyemwona.

Chini ya dirisha maboksi ya vyombo yalikuwa yamepangwa mstari. Inspekta aliyaangalia kwa muda, kisha akaomba kisu.

"Hizo ni sahani tu, Inspekta," Mhandisi alisema.

"Ndiyo maana nataka kuziona."

Kwa sahani, Inspekta alikuwa na uzoefu. Serikali ilikuwa imemhamisha vituo vingi kiasi kwamba alikuwa akisema analipwa mshahara ili avunje vikombe. Kila uhamisho ulimfundisha jambo, na kila jambo alilipia kwa birika au seti ya bilauri. Kwa hiyo alipofungua boksi la kwanza alijua anachokitazama, na moyoni akamvulia kofia aliyekipakia. Chini palitandazwa karatasi zilizovurugwa zikawa laini kama godoro. Sahani zilikuwa zimeviringishwa moja moja na kusimamishwa wima kama vitabu, maana sahani iliyolazwa hubeba uzito wa wenzake wote na bonde moja tu la barabara linatosha kuipasua. Vikombe vilikuwa vimeshindiliwa karatasi tumboni na kuvishwa soksi kwenye vishikio. Kila upenyo ulizibwa kwa kitambaa. Alilitikisa boksi, akatega sikio. Halikusema kitu.

Boksi la pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu alipolifungua akasita. Safu ya juu ilikuwa vurugu tupu. Bilauri zilikuwa zimetupwa ubavuubavu, nyingine zimefunikwa kipande cha gazeti, nyingine uchi, na moja ilikuwa imepasuka. Alipoitoa safu hiyo akakuta kadibodi, na chini ya kadibodi ulikuwepo ule mkono wa mwanzo, mtulivu, sahani wima na soksi kwenye vishikio. Ni kana kwamba mpakiaji alifika nusu ya kazi akapatwa na wazimu. Karibu na bilauri iliyopasuka, gazeti lilikuwa na doa jekundu lililokauka na kuanza kuwa la kahawia.

Koplo alisogea karibu. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa na haraka ya kupanda cheo. Akanong'ona kwamba ile ni damu, na kwamba anavyoona yeye, huyu mke hakuondoka. Amepigwa katikati ya kazi, na aliyempiga ndiye aliyemalizia kupakia ili ionekane kazi iliendelea. Hayo ya mtu kupandishwa ukuta ni kuwapaka polisi mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wazo hilo lilikuwa limeshamfikia Inspekta. Alimgeukia Mhandisi, akamwomba amwonyeshe mikono. Mhandisi aliinyoosha bila kusita, viganja juu, viganja chini. Mikono safi, kucha fupi, bila mkwaruzo. Akatabasamu kidogo.

"Mnatafuta damu kwangu," alisema. "Ni haki yenu. Tafuteni."

Walitafuta. Bafuni, jikoni, kwenye ndoo ya takataka, kwenye mifereji, chini ya zulia lililokunjwa. Koplo alipiga magoti kwenye vigae hadi suruali ikapauka. Hakukuwa na tone jingine popote. Mtu aliyepigwa akafa au akabebwa hamwagi tone moja tu na kulimwaga ndani ya boksi. Inspekta alirudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya maboksi upya, safari hii haangalii vyombo bali selotepu.

Kwenye maboksi ya kwanza, ncha za selotepu zilikuwa zimekatwa zikanyooka. Mkasi uliofanya kazi hiyo ulikuwa bado unaning'inia kwenye kitasa cha dirisha kwa uzi. Lakini kwenye lile la tatu ncha zilikuwa zimechanika kwa meno, zimevutika na kuchakaa. Mtu mwenye mkasi karibu yake anang'ata selotepu ya nini?

Alifungua boksi la mwisho. Humo mlikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uhamisho wake wowote. Lilijaa mipira ya karatasi iliyozungushiwa selotepu, ikazungushwa tena, na tena, hadi ikawa migumu kama mawe. Alipasua mmoja kwa kisu. Ndani karatasi. Akapasua wa pili. Ndani karatasi. Hakukuwa na kikombe, wala kijiko, wala kitu chochote cha kuvunjika. Mtu alikaa akaipakia hewa, kwa uangalifu mkubwa, akamaliza karibu selotepu yote ya nyumba.

Alitia mpira mmoja kwenye mfuko wa koti kabla Mhandisi hajageuka, akauliza nani mwingine alikuwa sebuleni.

"Mama yangu tu. Lakini mkono wake mmoja umekufa. Mama hawezi kupakia hata kijiko."

Bi Mkubwa alikuwa chumbani kwake, ameketi kwenye kiti, shuka mapajani, mikono yote miwili chini ya shuka. Inspekta alimwamkia kwa heshima, akamuuliza jana aliona nini. Kikongwe alifumbua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa mwanawe, aliyesimama mlangoni. Mama alisinzia, alisema. Inspekta akamuuliza mkwewe alikuwa katika hali gani. Mhandisi akajibu kwamba mama hakumbuki vizuri siku hizi. Bi Mkubwa alitazama sakafu. Inspekta aliona kwamba katika nyumba ile maswali yana mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlango wenyewe umesimamiwa. Akaaga, akasema anakwenda kuona nyumba mpya.

Njiani simu iliita. Mkuu wa kituo alitaka kujua kwa nini polisi wake wanachezea vikombe badala ya kufunga barabara. Inspekta alisema ndiyo afande, hapana afande, akaiweka simu mapajani. Koplo aliyekuwa akiendesha alimtazama kwa pembe ya jicho.

Nyumba mpya ilikuwa mbali na nyumba nyingine zote, mahali ambapo ukipiga kelele anayekusikia ni wewe mwenyewe. Ukuta wake ulikuwa mrefu, umepandikizwa vipande vya chupa juu, na madirisha yalikuwa na nondo nene mpya. Lori lilikuwa limeegeshwa uani, na wapagazi walikuwa wamelala kivulini wakisubiri safari ya pili iliyokatizwa. Mkuu wao walimwita Nahodha, mtu mpana mwenye mvi za mapema, ambaye alisimama alipoona sare na kuanza kujifuta mikono iliyokuwa haina uchafu.

Inspekta alipita vyumba vyote kabla hajamsemesha. Chumba cha kulala cha ndani kabisa kilimsimamisha. Mlango wake ulikuwa na komeo jipya la chuma, kubwa kama la ghala, na lilikuwa limepigiliwa upande wa nje. Unga wa mbao ulikuwa bado umelala sakafuni chini yake. Alilisukuma komeo, likaenda, likarudi. Koplo naye alilisukuma, kisha akaondoa mkono haraka kana kwamba limemuunguza.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kabati la nguo, limesimama peke yake katikati. Inspekta alivuta mlango wake. Hakukuwa na nguo hata moja. Pande zote za ndani zilikuwa zimevishwa mablanketi, yamebanwa kwa selotepu ya kahawia iliyokatwa kwa mkasi, ncha zimenyooka. Chini palikuwa na godoro la mtoto lililokunjwa mara mbili, na juu yake mto. Kwenye ukingo wa mlango kulikuwa na kadibodi iliyokunjwa ikagandishwa, nene kama kidole, ili mlango ukifungwa usizibe kabisa. Inspekta alichuchumaa akalibonyeza godoro kwa kiganja. Lilikuwa limebonyea mahali pamoja, kwa uzito wa kitu kilichokaa bila kucheza.

Alikaa hivyo kwa muda, mkono juu ya godoro. Basi hakuuawa; alikuwa amesafiri humu.

Alimwita Nahodha, akamtoa Koplo nje, akafunga mlango.

Nahodha alieleza kwa ufupi, kama mtu aliyejifunza maneno yake usiku. Kabati lilikuwa zito. Bi Mkubwa alimwambia lina kioo kikubwa na taa za vioo za tangu ujana wake, lisilazwe wala kuinamishwa, lisimame vile vile hadi mwisho wa safari. Wapagazi walishindwa kulipandisha kwenye lori, basi mwenye nyumba mwenyewe akaja kushika upande mmoja. Alimgombeza Nahodha kwa uzembe, akalisukuma kwa bega lake. Walilifunga kwa kamba katikati ya magodoro. Halafu wakalifikisha hapa. Basi.

"Taa ziko wapi?" Inspekta aliuliza.

Nahodha alitazama ndani ya kabati kana kwamba huenda zimo.

"Sijakuuliza kwa ubaya," Inspekta alisema. "Mtu mzima akiondoka kwake kwa miguu yake si kosa, na aliyembeba hana kosa. Lakini mimi nimetumwa nimtafute, na aliyenituma hatanyamaza. Nikijua mapema, najua pa kukanyaga. Ulijua lini?"

Yule mtu alijikuna shingoni. Alikuwa mwoga kidogo, lakini si wa kudanganya mara mbili.

"Barabara kuu," alisema. "Nilikuwa nyuma nimekaa na mizigo. Nikasikia kabati linakohoa. Vioo havikohoi. Nikalifungua."

"Ukafanya nini?"

"Mimi nikipokea mzigo, kwanza naangalia kama umeharibika kabla ya safari au umeharibikia njiani. Maana lawama huwa zinakuja kwangu." Akaligeukia kabati. "Ule uso haukuharibikia njiani, Inspekta. Nikamgongea dereva asimame. Yule mwanamke akaomba ashukie pale pale, akashuka, akavuka barabara, sikuangalia alikokwenda. Niliamua nisiangalie. Niliambiwa mzigo huu usivunjike. Haukuvunjika."

Inspekta alimwambia awalipie chakula vijana wake waondoke na lori, wasisubiri safari ya pili, kwa sababu haitakuwepo. Akarudi garini. Alijipangia jambo hilo kichwani toka mwanzo. Mke alitoka asubuhi na safari ya kwanza, mbele ya macho ya mumewe, kwa nguvu za bega la mumewe. Ndiyo maana makondakta wa mchana hawakumwona. Lakini mume alimsikia hadi mchana, na katika hilo hakuwa anadanganya. Kwa hiyo kuna mtu alikaa sebuleni anavuta selotepu. Mtu asiyeweza kutumia mkasi, kwa sababu mkono mmoja unashika selotepu na wa pili haupo wa kukata. Mtu asiyekuwa na vyombo vya kutosha, au asiyejali vyombo, ila anajali kelele.

Na mtu huyo sasa hivi yuko nyumbani peke yake na Mhandisi.

"Ongeza mwendo," alimwambia Koplo.

Mhandisi aliwafungulia geti, akalifunga tena nyuma yao kwa kufuli, kama alivyofanya asubuhi. Inspekta alimwambia Koplo, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba anataka ukuta wa nyuma upimwe hatua kwa hatua, na mwenye nyumba aonyeshe ni wapi mtu anaweza kupandia. Koplo hakuelewa, lakini alielewa kwamba haitakiwi aulize. Alimchukua Mhandisi wakaenda nyuma.

Inspekta aliingia chumbani kwa Bi Mkubwa, akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda mbele yake. Alitoa ule mpira wa selotepu mfukoni, akamwekea mapajani juu ya shuka.

"Hiki ni chombo gani, mama?"

Kikongwe alikiangalia. "Sikijui."

"Hata mimi sikijui. Nimepasua wenzake, ndani kuna karatasi, na ndani ya karatasi kuna karatasi." Akangoja. "Kidole kinaendeleaje?"

Mkono mzima ulitoka chini ya shuka, taratibu. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa chakavu, kimevilia damu. Bi Mkubwa alikitazama kama jirani mkorofi.

"Bilauri ilivunjika," alisema. "Mkono mmoja hauna adabu. Unahitaji mwenzake wa kuukanya."

"Jana ulivuta selotepu asubuhi yote."

"Ikinyamaza, angeingia." Sasa alikuwa akizungumza chini sana, midomo ikisogea kidogo tu, na Inspekta ilimbidi ainame. Alisema kila alipopumzika alisikia kiti cha barazani kinalia, mtu anajiinua. Akavuta tena. Kiti kikanyamaza. Vyombo vilipomwishia akafunga karatasi. Meno yalimwuma, taya zikakakamaa, lakini alijiambia kwamba kila akivuta, yule mtoto anafika mbali kidogo. Alipoona jua limefika katikati akaacha, akafungua mlango wa nyuma, akarudi kitini na kufumba macho. Halafu akaongeza, "Sikusinzia. Nilisikia alivyoingia."

"Wazo lilikuwa la nani?"

"La wote wawili. Blanketi alibana yeye, mwenyewe. Anajua sana kupakia yule mtoto, hujaona? Nilimwambia ajipakie kama anavyopakia sahani."

Inspekta aliangalia mkono wa pili, uliobaki chini ya shuka. Akauliza umekuwaje.

"Nilianguka."

"Na mkweo?"

"Naye alianguka. Nyumba hii ina utelezi." Kikongwe aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa makavu. "Hiyo mpya ingekuwa na utelezi zaidi. Nililiona komeo alipolinunua. Alinionyesha, akaniuliza kama ni imara."

"Yuko wapi sasa?"

"Hilo usiniulize. Huyo aliye nje nimemzaa mimi, na simwambii. Wewe ni nani hata nikuambie? Si ndiye aliyewaita?"

Lilikuwa swali la haki. Inspekta aliinua kichwa, akaona kivuli kimesimama chini ya mlango. Hakujua kilikuwa hapo kwa muda gani. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

"Wakati huu mama huwa anapumzika," Mhandisi alisema.

Ule mpira wa selotepu ulikuwa bado juu ya mapaja ya Bi Mkubwa. Mhandisi aliuona. Aliutazama mpira, akautazama mkono wenye kidole kilichofungwa, kisha, polepole sana, akautazama mdomo wa mama yake. Inspekta aliona hesabu ikienda usoni mwake hatua kwa hatua, bila haraka, hadi ikafika kwenye jibu. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni mikono. Ilikuwa nyuma ya mgongo, ikaja mbele.

"Mama," alisema kwa upole. "Uliniambia ulisinzia."

Inspekta alisimama katikati yao.

"Mama, inuka," alisema, kwa sauti ya kikazi, kavu. "Uko chini ya ulinzi. Tunakwenda kituoni."

"Kwa kosa gani?" Mhandisi aliuliza.

"Kuwapotosha polisi kazini. Amekiri mbele yangu."

"Basi hakuna haja ya kumsumbua. Niachie nizungumze naye kidogo tu, Inspekta. Mimi na yeye. Ataniambia yote, kisha nitakuletea."

"Hicho kidogo sina."

Akamshika Bi Mkubwa chini ya kwapa, upande wa mkono mzima, akamwinua. Kikongwe alikuwa mwepesi. Haikujulikana anamwogopa nani kati ya wale wawili. Walipita mbele ya Mhandisi kwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakuwazuia. Aliwafuata nyuma, sebuleni, kando ya maboksi yaliyofunguliwa, barazani, uani. Koplo alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Aliona pingu haziko mikononi mwa yeyote, akaona uso wa mkubwa wake, akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa gari.

Geti lilikuwa limefungwa.

"Fungua," Inspekta alisema.

Mhandisi alikuwa ameshatoa simu. Alizungumza na mkuu wa kituo kwa jina la utani la shuleni, akaeleza kwamba mama yake mzazi, mgonjwa, anakokotwa kama mwizi wa kuku, kisha akamnyooshea Inspekta simu hiyo pamoja na tabasamu. Ufunguo ulikuwa kwenye mkono wa pili, umefumbatwa.

Mkuu alianza kufoka kabla Inspekta hajasema haloo. Alimwacha amalize. Mbele yake alikuwa na kufuli, nyuma yake mwanamke mzee aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti cha gari na kukumbatia mkono wake uliokufa. Alijua kwamba kama angesema ukweli wote pale, mke angetafutwa upya kuanzia barabara kuu, na kuanzia mabasi ya asubuhi.

"Afande," alisema, "katika nyumba hii nimekuta damu ya binadamu. Iko kwenye ushahidi, na Koplo ameiona. Mama huyu ndiye shahidi pekee. Nikimwacha hapa kisha akaanguka, sitakuwa mimi wa kueleza alivyoanguka. Utaeleza wewe, kwa sababu ni wewe uliyeniambia nimwache."

Mtu anaweza kumpenda rafiki yake wa shule, lakini cheo chake anakipenda zaidi.

"Mlete," mkuu alisema.

Inspekta alimrudishia Mhandisi simu. Mhandisi aliisikiliza, akasema neno moja, akaizima. Alikaa anautazama ufunguo. Kisha akafungua kufuli, akalisukuma geti lenyewe, akaja kwenye dirisha la gari alilokaa mama yake, akainama hadi kichwa chake kikawa sawa na cha mama yake.

"Mama, nimekukosea nini?" aliuliza. Na ubaya ni kwamba alionekana anataka kujua kweli.

Bi Mkubwa alimwangalia kwa muda, uso wote ukamkunjamana kama anayetaka kulia. Hakulia.

"Funga kioo, mwanangu," alimwambia Koplo.

Kioo kikapanda. Gari likatoka. Inspekta, aliyekaa nyuma naye, aligeuka akamwona Mhandisi amesimama katikati ya geti, mikono imerudi mgongoni. Alijua mambo hayajaisha. Yule mtu si wa kukata tamaa, na kesho angekuwa ofisini kwa mkuu kabla ya wasafishaji. Angeuliza mama yake amewekwa wapi, na yeye angepaswa kuwa na jibu lisilo na mlango. Lakini hiyo ilikuwa kesho.

Koplo alikuwa akiangalia kwenye kioo cha kutazamia nyuma mara kwa mara, na mara moja alifungua mdomo aulize, akaufunga. Bi Mkubwa alikuwa ameegemea kiti, akiitazama barabara kadiri nyumba ilivyobaki nyuma. Walipofika njia panda Koplo alipunguza mwendo, akawasha taa ya kukata kulia, kuelekea kituoni.

Mkono wenye kidole kilichofungwa ulitoka nyuma ukamgusa begani.

"Kushoto," Bi Mkubwa alisema. "Yuko kushoto. Nitawaonyesha."